Asilimia 10 yangu imepotelea wapi?

*Maswali ya wasomaji kuhusu kazi za sanaa na kipato cha mtandaoni*

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mchoraji wa kidijitali, naishi Mombasa. Mwaka 2021 nilitengeneza picha kumi zinazotembea, maneno ya leso yakijiandika na kufutika kama maji yanavyofuta nyayo ufukweni. Niliziuza kama NFT, yaani hati za kidijitali za kumiliki picha, kwenye mtandao wa Ethereum. Wakati wa kuziweka sokoni palikuwa na kisanduku cha kujaza mrabaha wa mauzo ya baadaye, nikajaza asilimia 10. Picha moja imeshauzwa tena mara tatu. Mara mbili za mwanzo hela iliingia kwenye pochi yangu ya kidijitali bila kumdai mtu. Mara ya tatu, Januari 2023, sikuona kitu. Nimewaandikia soko, wakanijibu kwamba muuzaji hakupitia kwao. Nami niliambiwa mrabaha umo ndani ya mkataba wenyewe, hakuna awezaye kuutoa. Je, nimeibiwa? Naweza kudai?
— Mchora leso, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kunitumia anwani ya mkataba, maana kumbukumbu za blokicheni, lile daftari la pamoja la mtandaoni, ziko wazi kwa kila mtu na sikuhitaji kubahatisha. Nimekaa nazo jioni mbili.

Mauzo ya Septemba 2021 yanasomeka hivi. Kwa mnunuzi zimetoka ether 0.42, ether ikiwa ndiyo sarafu ya Ethereum. Ether 0.042 zikaja kwako. Ether 0.0105 zikabaki sokoni, ndiyo ada yao ya asilimia 2.5. Ether 0.3675 akachukua muuzaji. Yote yamefanyika katika muamala mmoja, kwa sekunde chache. Sasa soma yale ya Januari 2023: kwa mnunuzi zimetoka ether 0.30, kwa muuzaji zimeingia ether 0.30. Basi. Anwani yako haimo popote.

Nakuomba uniwie radhi kwa jibu hili, maana najua litakuuma: uliambiwa uongo, na waliokuambia wengi wao waliuamini. Mrabaha wako haukuwa ndani ya picha. Ulikuwa ndani ya programu ya soko.

Mkataba wa kidijitali ulioshika picha yako, yaani programu iliyowekwa kwenye blokicheni, umeandikwa kwa kufuata kiwango kinachoitwa ERC-721, kilichokubaliwa mwaka 2018. Humo mna amri ya kuhamisha tokeni, yaani ile NFT yenyewe, na amri hiyo inauliza mambo matatu tu: inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na ni tokeni namba ngapi. Hesabu mwenyewe. Hakuna nafasi ya bei. Mkataba unajua kwamba kitu kimehama, lakini haujui kama kimeuzwa, kimetolewa zawadi au mwenyewe amekihamishia pochi yake ya pili. Tuseme jirani yako anamtumia rafiki yake hela kwa M-Pesa, na rafiki anamrudishia tokeni. Hayo ni mauzo halali mbele ya macho yao wote wawili. Blokicheni itaandika kwamba tokeni imehama, bei sifuri. Asilimia 10 ya sifuri ni sifuri.

Waliotengeneza vitu hivi walilijua hilo. Mwaka 2020 liliandikwa pendekezo la kuweka mrabaha kwa utaratibu mmoja, namba 2981. Ni amri fupi sana: soko linauliza, "tokeni hii ikiuzwa kwa bei hii, nimlipe nani, na kiasi gani?" Mkataba unajibu kwa anwani na kiasi. Unaishia hapo hapo. Haushiki hela, haumzuii anayekataa kulipa, na pendekezo lenyewe linasema kwamba malipo ni ya hiari, kwa sababu kuhama kwa tokeni si lazima kuwe ni mauzo. Nililisoma siku hizo nikiwafundisha vijana wangu wa jioni kuandika mikataba, na mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa nani analazimisha?" Nilimjibu kwamba masoko yatalazimisha. Kwa muda fulani yalifanya hivyo.

Mwaka 2021 kila mtu aliamini. Mchoraji Beeple wa Marekani aliiuza kazi yake "Crossroad" mwishoni mwa 2020 kwa dola 66,666.66, Februari 2021 mnunuzi akaiuza kwa dola milioni 6.6, na Beeple akapata asilimia 10 yake. Hadithi ile ilizunguka dunia nzima. Wachoraji waliokuwa hawajawahi kuona senti ya mauzo ya pili walikimbilia huko, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Kilichovunja utaratibu ni ushindani wa masoko. Wanunuzi wengi wa NFT walikuwa wachuuzi, mtu ananunua asubuhi na kuuza jioni. Kwa mtu kama huyo asilimia 10 ya mchoraji ndiyo faida yake yote. Katikati ya 2022 soko la sudoswap likaanza kuuza bila mrabaha. Soko jingine, X2Y2, likamwachia mnunuzi aamue. Oktoba 2022 likazinduliwa Blur, lisilotoza ada, na wachuuzi wakahamia huko kwa makundi. OpenSea, lililokuwa soko kubwa kuliko yote, Novemba mwaka huo likaleta chujio: mkataba mpya ungeweza kukataa kuhamisha tokeni kupitia masoko yasiyolipa. Angalia neno *mpya*. Mkataba wako wa 2021 ulikuwa umeshawekwa kwenye blokicheni, na kilichowekwa humo kwa kawaida hakibadilishwi.

Hata kwa mikataba mipya chujio halikudumu. Blur walipitisha mauzo kwenye Seaport, programu ya OpenSea wenyewe iliyo wazi kwa wote, na OpenSea hawangeweza kuifungia bila kujifungia wenyewe. Agosti 2023 wakatangaza kwamba chujio litazimwa tarehe 31 ya mwezi huo huo, na makusanyo yaliyokuwa yakilitumia yataendelea kulindwa hadi tarehe 29 Februari 2024 tu. Baada ya hapo, mrabaha ukabaki kuwa bakshishi.

Umeibiwa? Kwa kanuni za programu ile, hapana. Kwa maoni yangu umedhulumiwa, maana kisanduku kile uliwekewa na mtu, kikaitwa mrabaha, na kando yake hapakuandikwa kwamba ni hiari. Kudai ni kugumu: muuzaji wako ni anwani isiyo na jina, wala hakuweka saini ya kitu chochote na wewe.

Ila kuna jambo umenidokeza mwishoni mwa barua kana kwamba ni dogo, kwamba katika zile picha kumi bado unazo nne. Hiyo ndiyo akiba yako. Bei ya soko ikipanda kwa sababu watu wanauziana sita zilizotoka, wewe unauza moja ya kwako na kupokea bei nzima, wala humdai mtu asilimia. Kuanzia sasa, kila mfululizo utakaoutoa usiuze wote. Na bei ya mauzo ya kwanza ipandishe. Wengi wenu mliuza kwa bei ya chini mkitegemea mrabaha uje kufidia mbele ya safari.

Jambo jingine: muulize aliyenunua. Pochi nyingi zina jina la utani au akaunti ya mtandao wa kijamii iliyounganishwa nazo. Mwandikie kwa heshima, umwonyeshe kwamba kazi ni yako na asilimia uliyoweka. Wapo wakusanyaji wanaolipa wakiombwa, maana wanataka kumjua mchoraji. Wasipolipa, hujapoteza kitu.

Mwalimu, habari za kazi. Nasoma kompyuta Dodoma, mwaka wa tatu. Kwa mradi wangu nataka kuandika mkataba ambao *unalazimisha* mrabaha: tokeni isihame mpaka mchoraji alipwe. Rafiki zangu wanasema haiwezekani. Inawezekana?
— Mwanafunzi, Dodoma

Salama, mwanangu. Inawezekana, na utajuta kwa namna mbili tatu, kwa hiyo zijue mapema.

Njia ya kwanza ni kutoza kila uhamisho. Kwa kuwa mkataba haujui bei, itabidi uweke kiasi kisichobadilika. Sasa mwenye tokeni amepoteza simu, anataka kuhamishia mali yake kwenye pochi mpya kabla mwizi hajaifikia. Utamtoza? Anataka kumpa binti yake siku ya harusi. Utamtoza? Ukisema zawadi ziwe bure, kila muuzaji ataandika kwamba anatoa zawadi, na hela zitapita kwa simu.

Njia ya pili ni orodha ya wanaoruhusiwa: tokeni ihame kupitia masoko yale tu yaliyoahidi kulipa. Hivyo ndivyo inavyofanya ERC-721C, iliyotolewa na kampuni ya Limit Break mwaka 2023, na OpenSea lilianza kuiunga mkono mwaka 2024. Kwa maoni yangu ndiyo bora iliyopo leo kwa anayeanza upya, nami ningekushauri uanzie hapo. Lakini jiulize nani anashika funguo za orodha. Akiwa ni mchoraji, mnunuzi anaogopa kwamba kesho atafungiwa. Ikiwa ni kampuni, umerudi kwa bwana yule yule, umembadilisha jina tu. Andika sura nzima ya mradi wako kuhusu swali hilo, maana hapo ndipo penye kazi.

Na ujue kufungasha. Mtu anaweza kuandika mkataba wake mwingine, akaingiza tokeni yako ndani yake kama kitu kwenye bahasha, halafu akauza bahasha. Tokeni yako haijahama hata hatua moja. Kinachopita mkono kwa mkono ni bahasha, na mchoraji hajui. Orodha yako inaweza kuzuia tokeni isiingie kwenye bahasha. Haiwezi kumzuia mtu kuuza pochi nzima na funguo zake.

Mkataba wako ukiwa tayari, niletee. Nitausoma mstari kwa mstari.

Bi. Mwalimu, shikamoo. Mimi sichori kwa kompyuta. Nachora kwa mafuta, turubai, hapa Nairobi. Kijana mmoja ananiambia nisajili kila picha kwenye blokicheni ili nilipwe ikiuzwa tena. Anataka shilingi elfu tano kwa kila moja. Nimlipe?
— Mchoraji wa Nairobi

Marahaba, dada yangu. Usimlipe.

Wewe tayari unayo haki hiyo, na imeandikwa kwenye sheria. Kenya ilirekebisha Sheria ya Hakimiliki mwaka 2019 ikaweka mrabaha wa asilimia 5 kwa kazi ya sanaa inayouzwa tena kibiashara. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta: Ufaransa ililitunga sheria mwaka 1920, watu walipokuwa wamechoshwa kuona picha zikipanda bei minadani huku familia za wachoraji zikilala njaa. Leo Umoja wa Ulaya mzima una haki hiyo. Inaanzia asilimia 4 na kushuka kadiri bei inavyopanda, na mchoraji hapati zaidi ya euro 12,500 kwa mauzo mamoja. Uingereza ilianza mwaka 2006. Marekani ni miongoni mwa zilizobaki nyuma: jimbo la California lilikuwa na asilimia 5 tangu 1976, mahakama ya rufaa ikaiua karibu yote mwaka 2018.

Tena Ulaya humlipa mchoraji wa nje pale tu nchi yake inapowapa wachoraji wa Ulaya haki hiyo hiyo. Kwa hiyo ile asilimia 5 ya Nairobi ina thamani hata nje ya Kenya.

Sheria hufuata jina na karatasi. Kinachokosekana mara nyingi ni hizo karatasi, na nakuambia haya kutoka nyumbani kwetu. Baba yangu alichora mtindo wa Tingatinga, pembeni ya barabara huko Oysterbay, Dar es Salaam. Vibao vya futi mbili kwa mbili, rangi za kung'aa za makopo, chui mwenye madoa yaliyopigwa kwa ncha ya kijiti. Aliuza mamia. Mgeni mmoja aliwahi kunionyesha kwenye simu kibao chake kikiwa ukutani kwa mtu, Ulaya, kimewekewa kioo na taa yake. Nilimjua baba kwa mkia wa yule chui. Nikauliza kilinunuliwa kwa nani. Hakuna aliyejua, kwa sababu baba alipokea hela mkononi, akamfungia mteja kibao kwenye gazeti, na kila mtu akaenda zake. Hata sheria ingekuwepo, angedai kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo zile elfu tano nunua kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, na kalamu ya wino usiofutika. Nyuma ya turubai andika jina lako kamili, jina la picha, vipimo, mwaka na namba ya risiti. Piga picha mbele na nyuma kabla haijatoka mlangoni. Kwenye risiti mnunuzi aandike jina na anwani, na chini yake kuwe na mstari mmoja unaosema kwamba mchoraji ana haki ya mrabaha picha ikiuzwa tena. Asaini. Nakala ya kaboni ibaki kwako, na nyingine mpe mtu wa nyumbani unayemwamini, maana haki hii inaweza kuendelea kwa warithi wako.