Wadogo zangu mnaotengeneza mawe ya jukwaani, nisikilizeni

Juzi nimepita kwenye mazoezi ya kundi moja la vijana, igizo la Kilwa ya zamani, nakuta ukuta wa foamu nyeupe (ile nyepesi ya vidonge vidonge inayowekwa kwenye maboksi ya TV) umeshasimama, matofali yote sawasawa kama ngome ya Ulaya, na mmoja kashika kopo la rangi ya mafuta na chupa ya thina anataka kuanza kupaka. Nilipiga kelele mpaka dairekta akasimamisha mazoezi. Nawapenda sana, ndo maana naandika, ila haya mambo jamani tumeshayasema.

1. Thina na foamu nyeupe havikai pamoja. Petroli hivyohivyo, rangi ya kupuliza hivyohivyo, na gundi ya viatu. Mtasema mnajua. Na mimi nilijua, ndo maana hili nalieleza kwa kirefu. Tulikuwa na seti ya jukwaani ya gofu, yaani jengo la kale lililobomoka, foamu tumeivalisha kitambaa cha marekani kwa gundi ya mbao, tabaka mbili, kimekauka kigumu kweli, nikajiaminisha kwamba rangi ya mafuta haitapenya, maana onyesho lilikuwa la nje na nilihofia mvua. Nikapaka jioni, ukuta ukapendeza, nikafunga stoo nikaondoka. Kumbe nyuma na kwenye pembe za chini, ambako kitambaa hakikufika, thina iliingia ikawa inakula foamu kwa ndani usiku kucha, huku ganda la nje limesimama vilevile na rangi imetulia, kwa macho huoni kitu. Kesho yake dada mmoja kwenye mazoezi akakaa kwenye kibaraza cha ule ukuta kama anavyokaa siku zote, ganda likapasuka akazama mpaka kiunoni, na msumari wa fremu ukamchana paja. Akashonwa. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko angenitukana, maana alikaa pale kwa kuniamini mimi niliyemwambia kaa tu, panakubeba. Ule ukuta tuliubomoa siku ileile. Kwa hiyo rangi ya maji tu, basi, na ukiogopa mvua nunua turubai. Na popote mtu atakapokaa au kukanyaga, weka mbao chini yake, foamu ni sura tu.

2. Kaliangalie jiwe lenyewe kabla hujashika kisu. Kilwa Kisiwani, Gede, Mji Mkongwe, hata Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, zile ni kuta za matumbawe, mawe hayana umbo moja, makubwa na vidogo vimechanganyika, yameshikwa na chokaa na juu yake lipu. Kwenye gofu lipu imebaki vipandevipande, jiwe linachungulia pale ilipodondoka. Mawe ya kuchongwa vizuri utayaona kwenye fremu za milango na mihirabu. Sasa wewe ukinichorea matofali ya mstatili kwenye igizo la Kilwa, mtu wa pwani aliyekaa mstari wa mbele anajua papo hapo kwamba hujawahi kulisogelea gofu hata moja. Foamu imegue kwa mkono, usiikate yote, halafu ipige na brashi ya waya upate vile vitundu. Rangi anza na ya giza, malizia na brashi kavu yenye rangi angavu zaidi. Na uiangalie chini ya taa za onyesho, taa ya pembeni inaumbua kila kitu.

3. Uzito. Foamu ya kawaida mita moja ya ujazo ina kama kilo 15 mpaka 20, zege inafika 2,400. Jiwe la sentimita 40 kwa 20 kwa 20 la zege ni karibu kilo 38, la foamu halifiki hata nusu kilo, na mwigizaji anapolibeba mkono wake unasema ukweli. Lichimbe ndani, tia kifuko cha mchanga cha kilo mbili tatu. Hapo bega linashuka lenyewe, hata yule asiyejua kuigiza anaonekana anabeba. Ila kama jiwe linarushwa, mchanga utoe!

4. Kukata foamu kwa waya wa moto ni nje, upepo ukiwa mgongoni kwako. Ule moshi ni sumu.

5. Moto. Hapa sitanii. Februari 2003 kule West Warwick, Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani zilishika foamu iliyobandikwa kwenye kuta za klabu ya muziki, watu 100 wakafa. Ile ilikuwa foamu laini ya poliyurethani, lakini hii yetu nyeupe nayo inawaka na kudondosha matone ya moto na moshi mweusi. Kwa hiyo vibatari na mienge ya kweli karibu na ukuta wa foamu hapana, hata dairekta akilazimisha, na taa za joto zikae mbali.

6. Kwa onyesho la nje ufukweni, hasa msimu wa kusi, ukuta mwepesi ni tanga la jahazi. Mifuko ya mchanga miguuni, kamba mbili nyuma, na anayeushika nyuma asitoke kwenda kununua chipsi mpaka watazamaji wa mwisho wameondoka.