Kudeta imeshindwa, halafu?

*Papa, tarehe 19 Mei 2024 watu wa Christian Malanga, mwanasiasa Mkongomani aliyeishi Marekani, walishindwa kuipindua serikali pale Kinshasa. Si ni kusema demokrasia yetu ina nguvu? (Kijana wa Katuba, Lubumbashi)*

Mwanangu, ni kusema walinzi walikuwa na nguvu. Jumapili ile walishambulia makazi ya mwanasiasa Vital Kamerhe, wakaingia Palais de la Nation, penye ofisi za rais, wakajirekodi kwa simu wakipeperusha bendera ya Zaire, jina la zamani la nchi yetu; kabla ya watu kurudi kutoka misa, Malanga alikuwa maiti. Bunduki ilizimwa na bunduki. Linganisha na Seoul, Korea Kusini, usiku wa tarehe 3 Desemba mwaka uleule. Rais Yoon Suk Yeol mwenyewe alitangaza utawala wa kijeshi. Wabunge waliruka ukuta ili waingie ukumbini, 190 wakapiga kura kuupinga, na kabla hakujapambazuka Yoon akaufuta. Tarehe 4 Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa. Hapo ndipo mimi nasema demokrasia imejitetea.

*Na hao jirani zetu Wazambia, walipona vipi? (Mama muuza unga, Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia)*

Polepole, mama. Tarehe 28 Oktoba 1997 Kapteni Steven Lungu, aliyejiita Kapteni Solo, aliteka redio ya taifa Lusaka, na saa chache tu baadaye mambo yake yakaisha. Ubaya ulifuata: Rais Chiluba alitangaza hali ya hatari, na siku ya Krismasi mzee Kaunda, rais wa zamani, akakamatwa. Ungesema nchi imekwisha. Lakini mwaka 2001 Chiluba alipotamani muhula wa tatu, makanisa, wanasheria, hata wakubwa wa chama chake walimkatalia. Mwaka 2011 na tena 2021, rais aliye madarakani alishindwa kwa kura akatoka. Unga ukaendelea kuvuka mpaka, nawe shahidi.

*Kudeta iliyoshindwa inaweza kumnenepesha mtawala? (Fundi, komini Kenya, Lubumbashi)*

Sana, na mfano uko katika nchi yenye jina la komini yako. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali Nairobi. Rais Moi alilivunja jeshi hilo, akazidi kubana, na chama kimoja kikakaa hadi 1991.

*Kunyonga kutatisha wengine? (Mwanafunzi wa sheria)*

Sidhani, anayeteka ikulu ameshakubali kufa. Isitoshe, Septemba 2024 watu 37 walihukumiwa kifo kwa kesi ya Malanga, na Aprili iliyofuata Wamarekani watatu kati yao walibadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha, wakarudishwa kwao.

Wewe wa sheria, soma kifungu cha 64 cha Katiba yetu ya 2006. Kinampa kila Mkongomani wajibu wa kumzuia anayetwaa madaraka kwa nguvu. Watu huishia hapo. Kinaendelea: au anayeyatumia kinyume cha Katiba. Kisha ruka hadi kifungu cha 220, penye habari za mihula ya rais, uniandikie umeona nini.