Vuli ya kwao si vuli ya kwetu

Swali: Shikamoo Mama. Mdogo wangu anaishi Uingereza. Mwaka juzi alikuja likizo akaniletea pakiti mbili za vitunguu vya maua, moja imeandikwa Nerine bowdenii, nyingine Amaryllis belladonna. Alinisomea maelezo ya nyuma akasema haya ni maua ya vuli. Basi Septemba nikaandaa tuta, nikachanganya samadi ya ng'ombe, nikachimba kina cha kiganja, nikafukia vyote na kumwagilia kila jioni pamoja na mboga zangu. Nerine imetoa majani mazuri mno, lakini hii ni Aprili ya pili inapita bila ua hata moja. Ile Amaryllis ilichungulia kidogo, mvua ilipokolea ikaoza. Vilikuwa sita, kimebaki kimoja. Nimekosea wapi? – Msomaji wa Gangilonga, Iringa

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Najua uchungu wa kufukua tuta ukakuta uji. Miaka mingi iliyopita, hapa Mbeya chini ya mlima Loleza, nilipanda belladonna saba katikati ya mawaridi yangu. Februari nikawa naamka asubuhi kuangalia kama kuna kikonyo kimetoka. Kimya. Siku moja nikaingiza vidole udongoni. Kitunguu kilinijia mkononi tabaka kwa tabaka, kinateleza, kwa harufu ya kitunguu maji kilichosahaulika chini ya gunia. Kilichobaki kigumu ni kitako peke yake, mahali mizizi inapoanzia. Vyote saba vilikuwa hivyo.

Kilichokuponza ni neno vuli. Vitabuni tumezoea kuliita vuli lile jira ambalo kule Ulaya majani ya miti hupukutika, Septemba hadi Novemba. Kwa bahati mbaya miezi hiyo inakaribiana na mvua za vuli za wenzetu wa pwani na kaskazini, ndiyo maana ukakimbilia kupanda Septemba. Lakini sisi wa nyanda za juu kusini hatuna vuli. Tuna mvua moja, ile ambayo watabiri wa hali ya hewa wanaiita mvua za msimu, inaanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Baada yake ni baridi kavu, kisha jua na vumbi hadi mvua nyingine. Na zaidi ya hapo, maua yako yote mawili asili yake si Uingereza, ni Afrika Kusini, na huko majani hupukutika Machi hadi Mei. Waingereza nao ni wageni wa maua haya kama wewe.

Kwa hiyo sahau mwezi ulioandikwa kwenye pakiti. Kitunguu kinahesabu mvua, ukavu na baridi. Urefu wa mchana kwetu haukisaidii sana: siku ndefu ya Desemba inaizidi siku fupi ya Juni kwa karibu saa moja tu, wakati London tofauti hiyo inakaribia saa 9. Swali la kujiuliza kabla hujashika jembe ni moja: kwao mvua inanyesha lini, na kinalala lini?

Tuanze na Nerine bowdenii, maana hii inakufaa. Kwao ni Rasi ya Mashariki na milima ya Drakensberg. Mvua zao zinanyesha kipindi cha joto, kama zetu, na baridi yao ni kavu, kama yetu. Huota majani wakati wa mvua, mvua zikipungua inatoa ua, kisha inalala kwenye baridi. Ukiitazama hivyo, Iringa na Mbeya ni nyumbani kwake kabisa. Mambo yaliyoizuia yapo kwenye barua yako mwenyewe.

La kwanza ni kina. Nerine haipendi kufukiwa. Shingo ya kitunguu inatakiwa ionekane juu ya udongo, kama kitunguu maji shambani kinapokaribia kuvunwa, ipigwe na jua. Wewe umeizika kiganja kizima.

La pili ni samadi. Samadi nyingi inaleta majani, na majani ndiyo uliyopata. Hii inataka udongo mwembamba unaopitisha maji. Mimi nachanganya debe moja la udongo wa bustani na nusu debe la zile kokoto nyepesi zenye vitundu za volkano tunazozipata huku kwetu. Wewe tumia mchanga mnene wa mto, ule ambao ukiufinya ngumini haushikani. Jivu la kuni kidogo, kiganja kimoja, basi.

La tatu ndilo kubwa: uliinyima usingizi. Umemwagilia kiangazi chote kwa sababu iko tuta moja na sukuma wiki. Nerine ikinyweshwa Julai, Agosti na Septemba haijui kama mwaka umegeuka. Itenge na mboga. Majani yatakapoanza kuwa njano, mwezi huu au ujao, yaache yakauke yenyewe, usiyakate. Julai fukua polepole kwa uma, usitumie jembe. Utakuta vitunguu vimeng'ang'aniana. Usivitenganishe vyote, kwa sababu Nerine huchanua vizuri zaidi ikibanana. Vipandishe juu ya tuta la inchi sita, shingo nje, mahali pa jua kutwa. Kisha usitie tone la maji mpaka mvua ya Novemba ije yenyewe. Ukiwa na hofu kwamba vimekufa, binya kimoja karibu na kitako. Kikiwa kigumu kama kitunguu saumu kipya, ni kizima, kimelala tu.

Nikuandae na jambo moja: ikishahamishwa, mara nyingi hususa mwaka wa kwanza. Lakini Aprili ukiona ncha ya rangi ya zambarau inachomoza kando ya shingo, nyembamba kama ncha ya kalamu, huyo ndiye. Kikonyo kitapanda hadi nusu mita hivi, kisha ngozi ya tumba itapasuka na maua ya waridi saba, nane, hata kumi yatafunguka kwa zamu, petali zimejikunja nyuma na kingo zake zina mawimbi kama pindo la gauni. Wakati huo bustani nzima imeanza kuchoka, mawaridi yameliwa na ukungu, nyasi zinageuka rangi. Ndiyo sababu nayapenda maua haya kuliko ya Desemba.

Sasa belladonna. Kwao ni Rasi ya Magharibi, na huko mambo yamepinduka: mvua hunyesha kwenye baridi, Mei hadi Agosti, na kipindi cha joto ni kikavu. Huota majani kwenye baridi, hulala Novemba hadi Februari, kisha hutoa kikonyo kitupu bila jani hata moja. Umeona tatizo? Miezi anayotaka kulala pakavu ndiyo miezi ambayo Iringa inanyeshewa. Tulivilaza vitunguu vyetu kwenye tope, mimi na wewe.

Hicho kimoja kilichobaki usikirudishe tutani. Tafuta ukuta wa nyumba unaotazama kaskazini, upande wa Dodoma, chini ya upenu wa bati ambako mvua haifiki. Kaskazini kwa sababu wakati wa baridi jua letu linapita upande huo, na ndipo majani yake yanapolihitaji. Kipande mchangani, shingo usawa wa udongo. Kuanzia kinapotoa majani mpe maji mara moja kwa wiki, Juni, Julai, Agosti, mpaka yaanze kunyauka. Hapo acha kabisa. Mvua ikija hakikisha maji ya paa hayarukii hapo. Kama bati halina mfereji, maji yakidondoka yatatawanyika, basi kisogeze karibu zaidi na ukuta. Mwishoni mwa Februari mwagia ndoo moja nzima, mara moja, na usubiri. Wapo wanaotumia chungu na kukiingiza kibarazani wakati wa mvua. Inawezekana, ila chungu kiwe kikubwa, na ujue belladonna haipendi kubanwa wala kuhamishwahamishwa. Ukishaiweka, iache miaka.

Mvua zikikolea angalia majani ya Nerine kila jioni. Kuna viwavi weusi wenye madoa ya njano wanaopenda jamii hii yote. Wanaanza wadogo, wamejazana ndani ya jani, jani linaonekana kama limechomwa na maji ya moto. Ukichelewa siku tatu wanashuka hadi ndani ya kitunguu na kukila. Mimi nawaokota kwa mkono na kuwatumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni. Hakuna dawa iliyonisaidia kuliko macho yangu mwenyewe.

Na tafadhali, ukishavifukua usiviweke jikoni. Vitunguu hivi vyote vina sumu, vinatapisha vibaya, na vikikaa kwenye kikapu mtoto aliyetumwa kukata kachumbari hataona tofauti. Wajapani walikuwa wakipanda ndugu yake mwekundu, Lycoris radiata, kwenye kingo za majaruba ya mpunga kwa ajili ya sumu hiyohiyo, kufukuza panya na fuko. Vyangu navifunga kwenye gazeti, naandika jina kwa kalamu ya wino mzito, navitundika stoo ya majembe.

Mdogo wako akija tena mwambie asibebe mimea kwenye begi bila kibali na cheti cha afya ya mimea. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ndiyo inayoshughulika na hilo. Si usumbufu; ugonjwa mmoja wa vitunguu ukiingia huku kwetu, wakulima watalia.

Swali: Mama, kuna mtu anatuuzia mbegu za zafarani hapa Makambako. Anasema ni ua la vitunguu, linachanua mara moja kwa mwaka na gramu moja ni pesa nyingi. Nimetenga ada ya mtoto ya muhula. Unanishauri nini? – Baba wa watoto watatu, Makambako

Jibu: Lipa ada, baba. Leo.

Kwanza, zafarani haina mbegu. Ni mmea tasa, haujawahi kuzaa mbegu inayoota, unaongezeka kwa vitunguu vyake tu. Mtu akikuonyesha mbegu, muage kwa heshima. Pili, sehemu kubwa ya zafarani ya dunia inatoka Iran, nchi ya joto kavu la kiangazi na baridi kali. Kitunguu chake kinataka kulala kwenye udongo mkavu wa moto, na kwenu wakati wa joto ndio wakati wa mvua. Kitaoza kama belladonna ya mwenzako wa Gangilonga. Tatu, ile bei unayotajiwa ni ya jasho: kila ua lina nyuzi tatu nyekundu tu, zinachumwa kwa vidole, na gramu moja kavu inataka maua kama 150.

Kuna jambo linanitisha zaidi ya pesa. Kuna ua jingine linalofanana nalo, Colchicum, nalo ni la zambarau na linatoka ardhini bila majani. Hilo linaua mtu. Ukitaka kuyatofautisha fungua ua uhesabu vijiti vya chavua: zafarani ina vitatu, Colchicum ina sita. Usiruhusu mtu akuuzie kitu hicho ukakiweka nyumba yenye watoto watatu.

Swali: Mimi ni mpangaji Tukuyu, sina pesa ya vitunguu vya nje. Rafiki yangu kaniambia nipande gari la Kitulo tukachimbe maua ya porini, yapo mengi. Kuna ubaya? – Dada wa Tukuyu

Jibu: Upo, mwanangu, na nakuomba sana usiende na jembe. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Watu wa huko wanaiita Bustani ya Mungu, na kuanzia Desemba ukisimama pale uwandani utaelewa kwa nini. Lakini okidi zake zimechimbwa kwa miaka kwa sababu ya viazi vyake, vinavushwa kwenda Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko. Kiazi kikishang'olewa, lile ua halirudi mwaka unaofuata. Nenda Kitulo, tembea, tazama, piga picha, rudi mikono mitupu.

Cha kupanda kipo karibu na mlango wako. Tafuta kwa majirani ua dogo jeupe lenye petali sita na majani membamba kama ya vitunguu, Zephyranthes candida. Nyumbani kwetu tulikuwa tunaliita ua la mvua. Kwao ni Argentina na Uruguay, kwenye kingo za mito na mahali pa majimaji, kwa hiyo mvua ya Tukuyu, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, haiwezi kuliozesha kirahisi kama yale ya mwenzako wa Iringa. Linachanua kwa vishindo mvua zinapoelekea mwisho: leo hakuna kitu, inapiga mvua moja nzuri, baada ya siku chache kichaka kizima kimekuwa cheupe. Ua hufunguka jua likiwaka na kujifunga jioni.

Omba konzi moja tu, vitunguu vyake ni vidogo kama karanga. Vipange kwenye mstari pale maji ya bati yanapodondokea, vidole viwili kutoka kimoja hadi kingine, ambako mwenye nyumba hapandi kitu. Na usivikaushe kama vile vya Nerine. Hivi vikikaa nje wiki mbili vinasinyaa, kwa hiyo ukipewa asubuhi, jioni viwe ardhini.