Jibu: lile gauni la ndala kwenye Priscilla

Mkuu uliyeuliza kama lile gauni la ndala analovaa mwigizaji Hugo Weaving kwenye muvi ya The Adventures of Priscilla, Queen of the Desert ni la kweli au ni mambo ya kompyuta, lile ni la kweli kabisa, ndala tupu zimeunganishwa mpaka zikawa gauni. Muvi ni ya Australia, 1994, wasanii wanapiga shoo wamevaa magauni na mawigi, na hela ilikuwa ndogo kwahiyo wabunifu wa mavazi Lizzy Gardiner na Tim Chappel ikabidi watumie vitu vya bei chee, na bado wakabeba Oscar ya mavazi! Mafundi wetu wa Kariakoo wangewaelewa fasta. Halafu Lizzy akaenda kuichukua hiyo tuzo 1995 amevaa gauni la kadi 254 za malipo za American Express, zile za dhahabu, aisee nampenda sana yule dada. Kule juu wanakopanda mwishoni mwa muvi ni Kings Canyon, korongo la huko Australia, ule mwamba mkubwa wa Uluru hawakuruhusiwa maana ni sehemu takatifu kwa wenyeji, na mi naona ilikuwa sawa kabisa.