Kisima cha Ubatizo Ndani ya Nyumba ya Kuishi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona picha za kanisa la kijijini nchini Uingereza lililogeuzwa kuwa nyumba ya kuishi, ilhali kisima cha ubatizo cha Zama za Kati, yaani bakuli la jiwe la maji ya kubatizia, bado kimesimama karibu na mlango. Kwa nini hakikuondolewa, na vipande vya chuma vilivyo ukingoni ni vya nini?

JIBU: Vipande hivyo vina historia ndefu. Maji yaliyobarikiwa yaliachwa kisimani kwa muda mrefu, na kwa kuwa ilihofiwa kwamba watu wangeyachota kwa ajili ya uchawi, Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza mnamo mwaka 1236 kwamba visima vifunikwe na kufungwa kwa kufuli. Mifuniko mingi ya awali imetoweka, lakini mabaki ya vyuma vilivyoishikilia yangali yamechomekwa katika jiwe. Bakuli lenyewe hutandikwa madini ya risasi ili jiwe lisinyonye maji, na kina chake kilitosha kumzamisha mtoto mchanga.

Mahali pake karibu na mlango paliteuliwa makusudi, kwani kwa ubatizo mtu huingia katika Kanisa.

Kuhusu kutoondolewa, sheria ya Uingereza huhesabu kitu kilichoshikamanishwa na jengo linalolindwa kuwa sehemu ya jengo hilo, hivyo mwenye nyumba huhitaji kibali kabla ya kukihamisha. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, ingawa kukipeleka katika kanisa jingine linalohitaji kisima, ambako watoto watabatizwa tena, ni jambo jema zaidi.