Barafu haichanushi okidi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina okidi aina ya Cymbidium niliyoinunua ikiwa na maua. Huu mwaka wa tatu inatoa majani tu. Muuzaji alinishauri niiwekee vipande vitano vya barafu kila jioni ili ipate baridi ya kwao. Sasa shina limeanza kuwa jeusi chini. Niongeze barafu au nitumie dawa ya kuchanusha? Msomaji, Tabata.

JIBU: Nzuri, dada. Usiongeze chochote, na barafu iache leo hii.

Cymbidium za maua makubwa zina asili ya milima ya Himalaya. Baridi zinayoitaka ni ya hewa ya usiku, nyuzi 10 hadi 14, tena kwa majuma kadhaa mfululizo, huku mchana ukipanda nyuzi kumi hivi zaidi. Hapo ndipo hutoa kikonyo cha maua. Dar, hata kipupwe kikikolea mwezi Julai, usiku haushuki sana chini ya 18. Wakati wa kaskazi tunalala na 25. Usiku wa joto hivyo mmea unapumua kwa kasi na kuimaliza sukari iliyotengenezwa mchana, kwa hiyo hauna akiba ya maua.

Vipande vitano vya barafu ni kama gramu 100 za maji. Vinapoza sehemu ya juu ya chungu kwa muda mfupi, na hewa inayozunguka majani haina habari. Kinachobaki ni maji yanayolala usiku kucha kwenye mizizi na kwenye vikwapa vya majani. Huo weusi unaouona ni uozo.

Kupulizia maji nako hakusaidii hapa. Maji hupoza yakikauka, na usiku wa Dar unyevu wa hewa hupita asilimia 80, kwa hiyo ukilowesha kibaraza kizima utashusha nyuzi moja au mbili. (Dodoma, penye hewa kavu, ingekuwa hadithi nyingine.) Kiyoyozi? Vingi vinaishia 16, hewa inakauka, na umeme wa LUKU unakwisha kabla ya mwezi.

Uokoe mmea kwanza. Utoe kwenye chungu, usafishe mizizi. Mzizi uliobonyea na kuambuka ganda, kata. Mgumu na mweupe, acha. Kisu kipanguse kwa spiriti kila unapohamia shina jingine. Shina lililolainika liondoe lote, hadi ukutane na nyama safi isiyo na doa la kahawia. Acha vidonda vikauke kivulini siku moja, kisha panda kwenye vipande vya mkaa na magome ya mti vya sentimeta 2 hadi 3, bila udongo hata kiganja. Mwagilia asubuhi tu. Mbolea isubiri mizizi mipya.

Mmea utapona, lakini maua usiyategemee hapo Tabata. Kama una ndugu Lushoto au Njombe, mpelekee. Ukiipenda sana Cymbidium, tafuta chotara mwenye damu ya Cymbidium ensifolium, kama Golden Elf. Hao wanachanua penye joto.

Hizo chupa za dawa ya kuchanusha ndizo zinazonichosha kabisa. Nyingi ni mbolea yenye fosforasi nyingi, na hakuna mbolea inayogeuka kuwa usiku wa baridi. Kwenye mizizi iliyooza, chumvi yake inamalizia kazi ya barafu. Anayekuuzia Masdevallia au Miltoniopsis, mimea ya misitu ya ukungu ya Andes, kisha akakupa na kichupa, anajua utarudi kununua mwingine.

Jijini panda Vanda, Dendrobium za joto au Phalaenopsis. Hii ya mwisho ndiyo pekee ambayo kiyoyozi kinaisaidia: chumba cha nyuzi 20 hadi 24 kwa mwezi mmoja hivi huiamsha itoe kikonyo. Tunazo pia za kwetu, Ansellia africana na Angraecum eburneum ya pwani, ambazo joto hili ndilo zililozaliwa nalo. Ila kabla ya kulipa, geuza mmea uangalie chini. Ukiona mizizi imekatwa kwa panga na gome la mti bado limeng'ang'ania, umeng'olewa porini. Uache hapo hapo.