Nina kifungo cha nje na fidia ya laki 4, kipato kimekata. Nikakope?

SWALI: Shikamoo wakili. Mi nipo Uyole, Mbeya, nashusha viazi sokoni. Nilipatikana na hatia ya kumjeruhi mwenzangu, Mahakama ya Wilaya ikanipa miezi 6 ila nikaitumikie nje, nafagia na kufyeka zahanati, na juu yake nimlipe yule jamaa fidia laki 4. Zahanati naenda asubuhi na malori nayo yanashusha asubuhi, kwa hiyo siku hizi narudi na elfu 5 badala ya 12. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu, elfu 90. Zahanati sijaenda siku mbili maana najua afisa uangalizi ataniuliza fidia na sina kitu. Kuna mtu pale nje ya mahakama anasema nimpe laki na nusu atafunga faili. Nikakope nimpe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usikope, na huyo mtu usimpe hata mia.

Hiyo laki 4 haijanishtua, zilizonishtua ni siku mbili ulizokaa nyumbani. Hili jambo nalikuta kila mara kwenye mafaili ya kifungo cha nje, mtu hana hela, anaona aibu, anaacha kwenda kuripoti, simu anazima, alafu siku anakamatwa analia eti amefungwa kwa sababu ya umaskini. Hapana jamani. Afisa uangalizi haandiki taarifa mahakamani kwamba fulani mfuko wake mtupu, anaandika kwamba fulani haonekani kazini, na hakimu akiipata hiyo taarifa anaweza kuifuta amri ya huduma kwa jamii, yaani hicho kifungo chako cha nje, ukaenda kumalizia miezi iliyobaki ndani. Sheria yenyewe, ile ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, imewekwa kwa ajili ya watu wenye vifungo visivyozidi miaka 3 ili wasiende kujazana gerezani, sasa wewe unajipeleka mwenyewe kwa kuogopa swali la fidia!

Kufyeka ni adhabu yako, unailipa kwa jasho. Fidia ni haki ya yule uliyemuumiza. Ungepigwa na faini, hiyo nayo ni ya serikali. Kila kimoja kina njia yake na kumaliza kimoja hakufuti kingine. Wapo hata wanaokosea kwa upande wa pili, mtu anauza ng'ombe analipa fidia yote kwa mkupuo, alafu anatupa fyekeo anasema nimemaliza kesi. Hujamaliza kitu, miezi yako ipo pale pale.

Kwa hiyo rudi kesho, na ukifika anza na hizo siku mbili, sema ukweli, omba uzifidie. Ukishamaliza hapo ndo umwambie habari ya malori. Watu wengi hawajui kwamba muda wa kazi unazungumzika, afisa anatakiwa ajue unakula wapi ndo akupangie. Omba uhamishiwe mchana, zahanati haiwezi kukosa uchafu saa 8 mchana. Piga hesabu uone, kati ya elfu 5 na elfu 12 kuna elfu 7, kwa siku 6 za wiki ni elfu 42, kwa wiki nne ni laki moja na elfu 68. Kodi imo humo na kianzio cha fidia kimo humo, na hujakopa kwa mtu. Mwenye nyumba mwombe umpe mwezi mwezi mpaka utulie, akikataa angalau umpe wa kwanza mkononi, wengi wakiona hela wanalegea.

Fidia sasa. Andika barua kwa mahakama ile ile iliyokuhukumu, omba ulipe kwa awamu, ambatanisha barua ya serikali ya mtaa inayosema unafanya kazi gani na unapata kiasi gani, kopi mpe afisa wako. Taja kiasi unachokiweza, hata elfu 40 kwa mwezi ni miezi 10 imeisha. Usiahidi laki ili hakimu afurahi, mwezi wa pili ukikwama utaonekana mjanja mjanja. Na uelewe kwamba kupanga namna ya kulipa ni maombi tu, ila kama unaona laki 4 yenyewe ni kubwa mno hiyo ni rufaa, na kwa kesi yako inaenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa unatoa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, kwa hiyo kama bado upo ndani ya muda wahi msaada wa kisheria leo. Kila unacholipa kipitie mahakamani na karatasi utunze, usimpe yule jamaa mkononi kienyeji alafu mwakani aseme hajawahi kuona shilingi yako.

Turudi kwa huyo wa kufunga faili. Hawa vishoka wapo Mbeya, wapo Iringa, wapo Njombe, wanavaa suti na kubeba bahasha ya kaki, wanakuita kwa jina maana wamelisikia likiitwa koridoni. Faili la kifungo cha nje linafungwa kwa kumaliza muda wako au kwa amri ya hakimu, karani haliwezi, mlinzi haliwezi, na kusimamiwa na afisa uangalizi hakuna ada. Ukimpa hiyo hela ujue umenunua kesi mpya ya rushwa juu ya ile ya zamani. Mtu akikuambia yeye ni wakili, jina lake litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, asipokuwemo achana naye.

Na ndugu zake ni hawa wakopeshaji wa kausha damu, wanakupa laki mbili wanabeba kitambulisho na mtungi wa gesi, wiki ya tatu unadaiwa na watu wawili badala ya mmoja, na huyu wa pili hana hakimu wa kumwombea awamu. Wengine wanaona bora wakimbilie Chunya machimboni au Tunduma wakatafute hela ya haraka, wanaondoka bila kuaga, kumbe kama kazi ipo huko unamwambia afisa kabla, unaomba ruhusa au uhamisho, unajibiwa. Ukiondoka kimya wewe ni mtoro hata kama ulienda kutafuta hela ya fidia hiyo hiyo.

Huyo wa kufunga faili akikufuata tena mwambie akupe kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali.